Ruta ya mezani imenirushia mbao ya mvule nikikata mfuo: kosa ni biti, umeme, au namna ya kusukuma?

#1 FremuNdeeba
Habari wakuu. Nina karakana ndogo hapa Ndeeba, natengeneza milango ya kabati za jikoni. Ruta (mashine inayozungusha kwa kasi kisu kidogo kiitwacho biti) nimeifunga chini ya meza niliyoiunda mwenyewe kwa plaiwudi, juu nikaweka fomeka. Kazi yangu kubwa ni kukata mfuo, yaani mfereji mwembamba, kwenye fremu ili paneli ikae ndani, halafu ulimi kwenye ncha za mbao za kulala uingie kwenye mfuo huohuo.

Mbao ina unene wa mm 25. Mfuo nautaka wa mm 9 na biti niliyonayo ni ya mm 6. Kwa hiyo napitisha mara moja, nageuza mbao ili uso wa pili uegemee fensi (ubao ulionyooka wa kuongozea mbao mezani), napitisha tena. Kwa njia hiyo mfuo unajiweka katikati wenyewe. Paini yote imepita vizuri. Juzi nikaanza oda ya mvule. Pasi ya kwanza safi. Nikageuza, nikasukuma kutoka kulia kwenda kushoto kama siku zote, mbao ikachomoka mkononi, ikaruka kushoto na kugonga ukuta mpaka lipu likabanduka. Vidole ninavyo vyote.

Majirani wa karakana kila mmoja ana jibu lake. Nyinyi mnasemaje?

#2 RandaKali
Meza ya ruta si ya viungo. Ni ya kulainisha kingo na kutia urembo, basi. Kiungo kinakatwa kwa msumeno, patasi na randa ya mfuo. Randa haijawahi kumrushia mtu mbao ukutani.

#3 BusiaMpakani
RandaKali umeanza. Mtu ana oda ya jiko zima, unamwambia akasukume randa kwenye mvule mpaka Krismasi?

Mleta uzi, tupe maelezo kamili. Kina cha mfuo? Ulikata kwa mkupuo mmoja? Mguu wa biti, ule unaoingia kwenye mashine, unene gani? Mbao ilikuwa na urefu gani, na uliishika na nini?

#4 FremuNdeeba
Kina mm 10, kwa pasi mbili za mm 5. Mbao ina urefu wa sm 40 hivi na upana wa sm 7. Nilishika kwa mikono, mmoja unabana kwenye fensi, mwingine unasukuma. Ruta ni mtumba wa Uingereza, koleti (kile kinachobana mguu wa biti) imekuja nayo. Biti nimenunua mjini. Mguu sikuupima ila unaingia vizuri.

#5 MamaPatasi_Arua
"Unaingia vizuri" hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Mashine za Uingereza huja na koleti ya robo inchi, yaani mm 6.35. Biti nyingi za dukani zina mguu wa mm 6. Unaingia ndiyo, unakaza spana, unaona imeshika. Kumbe imeshikwa kwenye mstari mmoja tu. Mashine ikipata kazi ngumu biti inaanza kupanda juu kidogo kidogo, mfuo unazidi kuwa na kina, mzigo unaongezeka, mwisho mbao inarushwa. Ni vilevile kwa mm 12 kwenye koleti ya nusu inchi, ambayo ni mm 12.7.

Chukua venia upime mguu. Halafu pima kina cha mfuo mwanzo wa mbao na mwisho wake. Kama mwisho ni kirefu kuliko mwanzo, mchawi ni huyo.

Na unapofunga biti usiizamishe mpaka igonge chini. Iteremshe yote, kisha ivute juu mm 2 au 3, ndipo ukaze. Ikigusa chini koleti inakuwa inakaza dhidi ya sakafu badala ya kubana mguu.

#6 Mwl_Kipimo
Koleti ni jambo la kweli, lakini mimi naona kisa kiko kwenye pasi ya pili.

Ruta ikifungwa chini ya meza, biti ikitazama juu, ukiiangalia kutoka juu inazunguka kinyume cha mshale wa saa. Ukitaka kuhakikisha, nyoosha dole gumba la mkono wa kulia juu na ukunje vidole vingine: vinapoelekea ndiko biti inakoelekea. Sasa tazama. Upande wa biti ulio karibu na tumbo lako, makali yanakwenda kulia. Upande wa biti unaotazama fensi, makali yanakwenda kushoto. Na wewe unasukuma mbao kwenda kushoto.

Makali yakila mbao kwa upande wa tumbo, yanapingana na mkono wako. Unasikia uzito, mbao inabanwa kwenye fensi, uko salama. Yakila kwa upande wa fensi peke yake, yanakwenda njia moja na mkono wako. Hapo ruta haikati mbao, inaivuta, na hakuna mkono wa binadamu wa kuizuia.

Pasi ya kwanza biti inakula pande zote mbili, haina shida. Pasi ya kupanua inakula ukuta mmoja tu. Kwa hiyo unapopanua mfuo, fensi irudishwe nyuma, iwe mbali zaidi na biti. Ukiisogeza mbele kuja kwako, umejitegea mwenyewe.

#7 FremuNdeeba
Mwalimu, fensi sikuigusa. Nimesema niligeuza mbao tu.

#8 Mwl_Kipimo
Kugeuza ni kusogeza fensi kwa mlango wa nyuma. Niambie kutoka kwenye fensi hadi ukingo wa biti ulio karibu nayo ilikuwa mm ngapi.

#9 FremuNdeeba
8 kamili. Nilipima kwa sababu 8 + 9 + 8 ni 25.

#10 Mwl_Kipimo
Sasa fuatana nami. Biti ya mm 6 iliyo mm 8 kutoka kwenye fensi inakata kuanzia 8 hadi 14. Ukigeuza mbao, mfuo huo sasa uko kuanzia 11 hadi 17 kutoka kwenye fensi, kwa sababu 25 toa 14 ni 11. Biti yenyewe bado iko 8 hadi 14. Kilichobaki kuliwa ni kuanzia 8 hadi 11. Hiyo ni mm 3 za upande wa fensi. Makali yanakwenda na mkono wako.

Chukua kipimo cha pili. Weka fensi mm 11 kutoka kwenye biti. Pasi ya kwanza inakata 11 hadi 17. Geuza: mfuo sasa uko 8 hadi 14. Biti iko 11 hadi 17, kwa hiyo inakula 14 hadi 17, upande wa tumbo lako. Mfuo wa mwisho ni uleule, 8 hadi 17, katikati palepale, upana uleule wa mm 9. Tofauti ni kwamba huu haukurushii mbao.

Kanuni ya mkono ni kwamba ukitaka kupanua kwa kugeuza, katikati ya biti iwe imepita katikati ya unene wa mbao, kuja upande wako.

#11 KijanaWaNsambya
Banange. Nimekata hivi mwaka mzima na sikuwahi kuwaza. Ngoja nikapime fensi yangu kabla ya chai.

#12 RandaKali
Mnaona sasa? Hesabu zote hizo ili mkate mfuo. Randa ya mfuo unaweka kipimo mara moja.

#13 BusiaMpakani
Na unainoa mara tano kwenye mvule mmoja.

#14 Kasese_Mbao
Mwalimu hesabu yako sina ugomvi nayo. Lakini mleta uzi kasema paini zote zilipita kwa kipimo hichohicho cha 8. Kama ni mzunguko wa biti, paini nayo ingerushwa. Kilichobadilika ni mti.

Mvule una mawe. Sisemi kwa mfano, ni mawe kweli, chokaa iliyoganda ndani ya mti, yenyewe rangi ya kijivu au nyeupe. Huioni mpaka imekula meno ya msumeno. Wapasuaji mbao wanaijua, ndiyo maana wengine hawapendi kupasua magogo ya mvule bila kuongezewa hela. Biti ya kabaidi ni ngumu lakini inakatika kama kioo ikigonga kitu kigumu. Ikipata pengo kwenye makali inaacha kukata, inaanza kupiga, na ikipiga inarusha.

Angalia makali ya biti kwenye mwanga, na uangalie mfuo pale mbao ilipochomokea kama kuna alama nyeupe.

#15 Mwl_Kipimo
Kasese, paini laini inasamehe. Swali langu kwa mleta uzi: zile paini kwenye pasi ya pili, ulikuwa unazisukuma au zilikuwa zinakwenda zenyewe?

#16 FremuNdeeba
Ilikuwa nyepesi sana. Nilikuwa nafurahi, nikidhani ni kwa sababu zimebaki mm 3 tu.

#17 Mwl_Kipimo
Hiyo wepesi ndiyo dalili.

#18 Kasese_Mbao
Au ni kwa sababu zimebaki mm 3 tu, kama alivyosema mwenyewe. Mwalimu hutaki kukubali kwamba mti una tabia yake.

#19 SajiniMstaafu
Salaam. Mimi niko Bombo. Hapa kwetu jioni umeme ukishuka taa zinakuwa nyekundu na mashine zote zinalia. Ruta ikipungukiwa nguvu inapoteza kasi katikati ya kazi, badala ya kukata inang'ang'ania. Halafu umeme unarudi ghafla inapaa. Mbao inaondoka. Ulikuwa unafanya kazi saa ngapi?

Na kama mashine ni ya nje, hertzi zake si zetu. Hapo napo kuna jambo.

#20 FundiUmemeJinja
Mzee Sajini, heshima yako. La kushuka kwa umeme nakuunga mkono. La hertzi si kwa ruta. Uingereza wana 50 kama sisi, na volti zao hazitofautiani na zetu kiasi cha kuleta shida. Hata ingetoka Marekani yenye 60, mota ya ruta ni ya brashi, kasi yake haifuati hertzi. Inayofuata hertzi ni mota kubwa ya msumeno wa meza au ya pampu, ile isiyo na brashi. Tatizo la mashine ya Marekani ni volti, yao ni 120 na yetu 240. Ukiichomeka bila transfoma utasikia harufu kabla hujaona mbao ikiruka.

#21 SajiniMstaafu
Nimekuelewa kijana. Basi baki na volti.

#22 FremuNdeeba
Ilikuwa jioni, kama saa kumi na mbili. Umeme haukukatika. Kama ulishuka sikuangalia, masikio nilikuwa nimeyafunika.

#23 Bukoba_Kwetu
Nachungulia kutoka upande wa pili wa Mutukula. Kumbe Waganda mnaandika Kiswahili hivi! Nilikuja kusahihisha, nimeishia kujifunza hesabu za fensi.

#24 MamaPatasi_Arua
Karibu kaka. Arua tumezaliwa nacho, usitufananishe na Kampala. 😄

#25 KijanaWaNsambya
Mama Patasi Kampala tumekukosea nini? Tuendelee na mbao.

Nimepima yangu. Iko mm 10 na mbao zangu ni mm 20, biti mm 6. Maana yake niko upande salama, 10 hadi 16, nikigeuza mfuo uko 4 hadi 10, nakula... subiri. Mfuo wangu unakuwa wa mm 12?

#26 Mwl_Kipimo
Ndiyo, 4 hadi 16. Biti yako kwenye pasi ya pili inakula mbao mpya kabisa, pande zote mbili za biti, ndiyo maana hujawahi kusikia kitu. Ila mbao ya mm 20 yenye mfuo wa mm 12 inakuachia kuta za mm 4. Milango hiyo ikipata mtoto wa kuning'inia utarudishiwa.

#27 KijanaWaNsambya
Si milango mwalimu, ni fremu za picha.

#28 BusiaMpakani
Kuna kosa ambalo halijatajwa na ndilo baya kuliko yote: kupitisha mbao kati ya fensi na biti. Jirani yangu alitaka kupunguza upana wa vipande vyembamba. Akaweka fensi nyuma, biti mbele, akapitisha kipande katikati kama kwenye randa ya mashine. Makali yakala upande wa fensi. Kipande kikaondoka, na mkono uliokuwa unasukuma ukafuata mahali ambapo kipande kilikuwa. Akapoteza nyama ya kidole cha shahada. Leo anashona viatu, hataki hata kusikia mlio wa ruta.

Mbao ikae upande wako wa biti, fensi ifunike sehemu ya biti isiyotumika. Usiibane mbao katikati.

#29 Gulu_Viti
Kwa sisi tunaotengeneza viti vyenye migongo ya kupinda, fensi haitumiki. Tunafuata kielelezo kwa biti yenye beringi. Hapo weka pini ya chuma mezani karibu na biti, uegemeze mbao kwenye pini kwanza, ndipo uilete polepole kwenye makali mpaka beringi iguse. Bila pini, makali yanashika kona ya mbao na kuizungusha kabla hujajua. Nimeona karakana nyingi hiyo pini wameitupa, hawajui ni ya nini.

#30 MamaPatasi_Arua
Nirudi kwa FremuNdeeba. Tuseme biti iko sawa na fensi iko sawa. Bado unashika sm 40 ya mvule kwa vidole vitupu. Tengeneza kibao cha kitana: chukua ubao usio na fundo, kata ncha yake mshazari, chana meno marefu membamba kwa msumeno, ubane kwenye meza ukisukumia mbao kwenye fensi. Kingine ubane kwenye fensi kikandamize kutoka juu. Meno yanaruhusu mbao iende mbele, yanakataa isirudi nyuma.

Na ulimi wa kwenye ncha, huo ndio hatari zaidi kuliko mfuo. Mbao ya upana wa sm 7 ukiisukuma kwa ncha dhidi ya fensi inayumba, kona inaingia kwenye uwazi wa biti. Weka nyuma yake kibao kipana cha mraba, pembe zake sahihi, usukume vyote viwili pamoja. Kibao kinaizuia isiyumbe na kinazuia nyuzi za mwisho zisichanike biti inapotokea.

#31 Mwl_Kipimo
Kitana ni muhimu, ila watu waelewe mipaka yake. Kinazuia mbao isirudi kulia. Mbao ya mleta uzi iliruka kushoto, kule meno yanakoruhusu. Kingebana kiasi, kisingeizuia.

#32 MamaPatasi_Arua
Kweli hilo. Lakini mikono isingekuwa pale.

#33 RandaKali
Swali la kweli bila utani. Viungo vya droo je? Mkia wa hua, kile kiungo chenye meno yanayopanuka kuelekea ncha, mnakata kwenye meza hiyohiyo? Kwa mkono nachukua muda, wateja wa siku hizi hawasubiri.

#34 BusiaMpakani
😂 Leo RandaKali kauliza bei ya ruta.

#35 MamaPatasi_Arua
Mwacheni aulize. Kaka, mkia wa hua una masharti. Biti yake ni pana juu, nyembamba chini, kwa hiyo huwezi kukata kidogo kidogo kwa kuipandisha kama mfuo wa kawaida. Unaweka kina chote kwa mara moja. Kama mkia unatokeza pande zote, pitisha kwanza biti iliyonyooka nyembamba kupunguza mzigo, halafu ndipo ya mkia. Na ukiwa katikati usiinue mbao hata kidogo, utang'oa kiungo na pengine biti. Ukikwama, zima, subiri isimame.

Kwa droo za kawaida mimi nakata viungo vya vidole. Kibao cha kusimamisha mbao, kinateleza kwenye mfereji wa meza. Biti mm 10. Kigingi cha mti mgumu cha mm 10 kimechomekwa kwenye kibao, na kutoka kigingi hadi biti mm 10 pia. Unakata tundu la kwanza ukiegemeza ukingo wa mbao kwenye kigingi, unahamisha tundu hilo likae juu ya kigingi, unakata la pili, unahamisha, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mbao ya pili unaianza ukiwa umeweka kipande chenye upana wa kidole kimoja kwenye nafasi, ili vidole vyake viingie kwenye matundu ya mwenzake. Viungo vikigoma kuingia, kigingi kiko mbali. Sogeza kwa unene wa karatasi, si zaidi. Vikicheza, kiko karibu.

Usalama wake uko nyuma ya kibao. Biti inatokea upande wa pili, upande ambao dole gumba hupenda kushika. Gundisha bonge la mti pale nyuma, refu kuliko urefu wa biti, ili biti iishie ndani ya mti. Na ukishamaliza kukata usirudishe kibao huku biti inazunguka na mbao imelegea. Mimi nina swichi ya mguu.

#36 RandaKali
Asante dada. Nitajaribu kwenye paini, kimya kimya.

#37 FundiUmemeJinja
Swichi imetajwa, niongeze. Umeme ukikatika katikati ya kazi, watu wengi wanaweka mbao chini, wanatoka kununua rolex (chapati ya mayai). Ruta ikiwa haijazimwa, umeme ukirudi inaanza yenyewe na biti imekaa wazi mezani. Tafuteni swichi ya sumaku, ile ambayo umeme ukikatika inajiachia na haiwaki mpaka ubonyeze tena. Unaifunga kwenye mguu wa meza, ruta unaichomeka humo. Kwa nchi yenye umeme wa kukatika nadhani hii inaokoa vidole vingi kuliko kitana.

Jingine, nimeona mtu akifunga biti ya kuchonga paneli yenye upana wa mm 80 na ruta iko kasi ya mwisho. Fanyeni hesabu. Mizunguko 24,000 kwa dakika ni 400 kwa sekunde. Biti ya mm 6, ukingo wake unakwenda kama kilomita 27 kwa saa. Ya mm 80 kwa kasi hiyohiyo inakwenda kilomita 360 kwa saa. Biti kubwa kama hizo zinatakiwa mizunguko 10,000 hadi 12,000. Ruta isiyo na kirekebisha kasi isifungwe biti hizo.

#38 Kasese_Mbao
Na vumbi la mvule msilisahau. Linawasha ngozi, linabana kifua, kuna mafundi limewaachia pumu. Ruta inalisaga kuwa unga mwembamba kuliko msumeno. Barakoa na kifyonza vumbi nyuma ya fensi. Hata mfuo ukijaa vumbi mbao haikai sawa kwenye fensi.

#39 SajiniMstaafu
Glavu je? Kijana wangu anavaa glavu nene anaposukuma.

#40 Gulu_Viti
Avue mzee. Glavu ikishikwa na biti inaingiza mkono wote. Mikono mitupu, shati la mikono mifupi au lililokunjwa, na vibao vya kusukumia.

#41 FremuNdeeba
Nimerudi na vipimo. Mguu wa biti ni mm 6.0, koleti imeandikwa robo inchi. Mama Patasi pointi moja kwako.

Kina cha mfuo kwenye ile mbao: mwanzo mm 10, pale ilipochomokea mm 11. Makali yana pengo dogo upande mmoja, linaonekana kwa kucha. Alama nyeupe kwenye mbao ipo, lakini iko sm 3 nyuma ya mahali ilipochomokea.

Halafu nimekata paini mbili kwa kipimo cha mwalimu, mm 11. Pasi ya pili sasa ina uzito, unaisikia inabana kwenye fensi. Tofauti kubwa.

#42 MamaPatasi_Arua
Milimita nzima! Biti ilikuwa inapanda.

#43 Kasese_Mbao
Na jiwe lipo, na pengo lipo. Biti ikagonga jiwe, ikapata pengo, ikasafiri sm 3 ikipiga, ikarusha. Mnataka ushahidi gani zaidi?

#44 Mwl_Kipimo
Pengo linaweza kuwa limetokea mbao ilipong'oka, si kabla. Na biti inaweza kupanda kwa sababu ilikuwa inavutwa. Mzigo wa kwanza bado ni mwelekeo. Mwenyewe kasema uzito umerudi alipobadilisha kipimo.

#45 MamaPatasi_Arua
Au biti ilipanda kwanza, ikala mbao nyingi kuliko mm 5, ndipo ikavuta. Mwalimu, kwa koleti ile hata kipimo chako cha 11 kisingemwokoa siku moja.

#46 FundiUmemeJinja
Na hakuna anayejua volti zilikuwa ngapi saa kumi na mbili jioni.

#47 BusiaMpakani
FremuNdeeba ushauri wangu: usinunue biti mpya, koleti mpya, na kubadilisha fensi kwa siku moja. Utafanikiwa halafu hutajua ni nini kilikuponya.

#48 KijanaWaNsambya
Yaani umwambie arudie kwa biti yenye pengo na koleti inayolegea ili tu tujue nani alishinda humu?

#49 BusiaMpakani
Sijasema hivyo bana. Biti yenye pengo itupwe. Abadilishe koleti kwanza, au atafute biti ya mguu wa robo inchi, kipimo kiwe 11. Mashindano tuyaache.

#50 FremuNdeeba
Koleti ya mm 6 ya mashine hii nimeambiwa Kampala hakuna, itabidi niagize. Biti ya mguu wa robo inchi nimeona moja, muuzaji anataka bei ya mbao mbili. Nawaza.

#51 Gulu_Viti
Usiweke bomba au karatasi ya bati kwenye koleti kuziba nafasi. Nimeona watu.

#52 Bukoba_Kwetu
Mleta uzi, kando kidogo: huo mvule umeununua hapohapo Ndeeba? Huku kwetu umekuwa adimu. Futi inakwendaje?

#53 FremuNdeeba
Njoo PM kaka. Bei ya mvule ukiitaja hadharani kesho yake imepanda.